Kopo la mbegu za vitunguu lenye stika juu ya tarehe: uzoefu wangu na duka la pembejeo

Kwa asiye na muda wa kusoma yote: ukienda kununua mbegu za bustani ya nyumbani, pitisha ukucha pale penye tarehe ya mwisho wa matumizi. Stika ikinyanyuka na chini yake kuna tarehe nyingine, rudisha kopo kwenye rafu uondoke. Mimi niliuziwa kopo la namna hiyo na duka moja la pembejeo hapa Dar, mvua za vuli zikiwa zinanukia, na mpaka leo nikipita pale mbele roho inanichemka.

Stika yenyewe ni nadhifu, wala usingeishuku. Nyeupe, imekaa sawasawa, tarakimu zimechapwa vizuri. Chini yake, kwenye bati lenyewe, kuna muhuri wa tarehe iliyopita mwaka mzima. Ingekuwa nyanya ningesema haya, yaishe, maana nyanya iliyohifadhiwa pakavu huvumilia miaka mitatu, minne. Kitunguu hakina uvumilivu huo. Ni katika mbegu za mboga zinazokufa mapema kuliko zote. Ukiiweka kwenye joto letu na unyevu wetu, msimu mmoja tu umetosha kuimaliza. Watu wa mbegu wana kanuni yao: kila unyevu ndani ya mbegu unapopungua kwa asilimia 1, au joto la stoo linaposhuka nyuzi 5, umri wake huongezeka karibu mara mbili. Sasa igeuze hiyo kanuni kichwa chini, halafu tazama duka lenyewe: paa la bati bila dari, na makopo yamepangwa rafu ya juu kabisa, pale ambapo hata mjusi hakai mchana.

Lebo inadai uotaji wa asilimia 85. Nilichofanya ndicho ninachomshauri kila mtu afanye kabla hajagusa udongo, hasa kwa vitunguu na karoti. Chukua kitambaa cha pamba, kilowanishe halafu kikamue mpaka kisidondoshe tone. Panga mbegu 50 zisigusane, kunja kama mkeka, tia kwenye mfuko wa plastiki wenye matundu machache, weka kivulini. Kitunguu anza kuhesabu siku ya 6, funga hesabu siku ya 12. Kwenye kitambaa hicho hicho weka safu ya chainizi kutoka pakiti unayoiamini, ili kesho mtu asije akakwambia maji yako mabaya. Chainizi ilitoa mizizi siku ya 3, karibu yote. Vitunguu vilivyotoa mzizi ni 6 kati ya 50. Asilimia 12! Na hiyo michache ilikuwa milegevu, kwa sababu mbegu iliyozeeka hata ikiota huwa haina nguvu ya kupasua udongo.

(Hii habari ya kumwaga mbegu kwenye glasi ya maji, inayoelea ni mbovu, inayozama ni nzima: kwa mbegu ndogo kama hizi iacheni. Mbegu kavu iliyo nzima huelea kwa sababu ya hewa tu, na iliyokufa huzama vizuri kabisa.)

Narudi dukani na kopo na kitambaa. Kijana wa kaunta hata kukifunua hakutaka. "Mama'angu, mbegu zinataka mkono." Mkono! Halafu, macho yakiwa kwenye simu, akanishushia orodha ya lawama: umefukia sana, maji yenu ya kisima yana chumvi, sisimizi wamebeba, ni kinyausi. Yote aliyoyataja ni matatizo ya kweli kwenye vitalu vya nyumbani, na hapo ndipo aliponiudhi zaidi, kwa sababu kila moja lina alama yake na duka linalouza mbegu linapaswa kuzijua.

Fukua sentimita 2 kwenye mstari uone. Ukikuta kichipukizi cheupe kimejikunja chini ya ganda la udongo, umefukia kwa kina kirefu au udongo umeshikamana. Mbegu haina kosa. Kina sahihi ni mara mbili au tatu ya unene wa mbegu yenyewe, kwa kitunguu isizidi sentimita 1, kwa mchicha ni kunyunyiza na kupitisha kiganja juu. Ukikuta mche uliota vizuri kisha ukalala, shina limekonda usawa wa udongo kama limebanwa na uzi, hicho ndicho kinyausi: mbegu zimebanana, maji mengi, samadi mbichi. Ukifukua usikute kitu, wamepita sisimizi. Majivu kuzunguka kitalu husaidia, na uyarudishie kila yanapolowa. Lakini ukikuta mbegu ipo pale pale, imevimba, na ukiibonyeza kwa kucha inatoa uji mweupe wenye harufu, hiyo ilikwishakufa kabla hujailipia. Mstari wangu mzima ulikuwa uji.

Kuhusu chumvi hakubahatisha ovyo, nimpe haki yake. Visima vingi vya Dar vina chumvi, na kitunguu, karoti na maharage ni wa kwanza kulalamika, wakati spinachi hata haijali. Kwa hao tumia maji ya bomba au ya mvua angalau mpaka miche iwe na majani mawili matatu. Ila mimi nilitumia maji ya bomba, na kitambaa kilikuwa mbele yake.

Mnaoona nakuza jambo kwa kopo moja dogo hamjui ratiba ya kitunguu. Kuota peke yake ni siku 7 hadi 10. Kitaluni kinakaa wiki 6 hadi 8 mpaka mche ufikie unene wa penseli, ndipo uhamishie kwenye tuta kwa nafasi ya sentimita 10. Mtu anayesubiri mbegu mfu wiki mbili, abishane dukani, atafute nyingine, aanze upya, amekwishapoteza karibu mwezi, na miche yake itakutana na mvua pale inapotaka jua. Mchicha ukigoma unapanda tena Jumamosi inayofuata na ndani ya wiki 4 unachuma. Kitunguu hakikupi nafasi hiyo.

Sasa hapa ndipo ninapokwama kutoa hukumu. Mbegu za nyanya nilizochukua siku hiyo hiyo, duka hilo hilo, ni nzuri mno. Tengeru 97, ile iliyotoka Tengeru kule Arusha, si chotara, kwa hiyo unaweza kukamua mbegu zako mwenyewe ukapanda tena. Ziliota zote kwa pamoja, miche minene, shina la zambarau. Zikawa tayari kuhamishwa ndani ya wiki 4. Zilikuwa za pakiti ndogo ya foili, haijawahi kufunguliwa. Hoho nazo zilijikokota kama kawaida yao, zaidi ya wiki moja bila dalili (msikate tamaa wala msizifukue), kisha zikatoka vizuri. Na kuna dada pale upande wa pili wa kaunta ambaye, bila kuulizwa, hukwambia bamia iloweke usiku kucha kwa sababu ganda lake ni gumu, na karoti uipande moja kwa moja kwenye tuta maana haipendi kuhamishwa. Vyote sahihi. Angekuwa yeye zamu ile, labda haya yote nisingeyaandika.

Basi nilikuwa nimeshaanza kulainika. Nikauliza kwa upole kama kopo lina lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, ili nione namba ya fungu na tarehe ya kupimwa uotaji. Yule kijana akacheka. Akasema wateja wa bustani za nyuma ya nyumba ndio wasumbufu, wananunua gramu 25 wanataka huduma ya tani. Na papo hapo, mbele yangu, akafungua kopo jingine la tarehe ile ile, akampimia mzee mmoja vijiko viwili kwenye kipande cha gazeti. Gazeti! Halina tarehe, halina fungu, halina jina la aina. Yule mzee hata akipata mimea ya majani matupu isiyofunga kitunguu, kama inavyotokea kwa aina za Ulaya zinazohitaji mchana mrefu, hana pa kuanzia kulalamika. Hapa kwetu ulizia Red Creole au Bombay Red, aina za mchana mfupi, na uone jina limeandikwa kwenye pakiti.

Pesa hawakurudisha. Walinipa trei ya kuoteshea miche kama pole, na trei yenyewe, lazima niseme, ni ngumu na haijapasuka mpaka sasa.

Nyota moja. Nyanya zao nitanunua tena, za foili, na nitamsubiri yule dada. Vitunguu vyao hata vya bure sichukui. Picha za stika na za muhuri ulio chini yake ninazo, TOSCI watazipata wiki hii. Wakishafika pale dukani nitarudi hapa kubadilisha nyota, kupanda au kushuka.