Mshipi, risasi na uzi wa shanga: kipi kinafaa kwa mipira ya upepo ya modeli ya lori ya 1/24?

Tunazungumzia modeli ya lori iliyo ndogo mara 24 kuliko lori halisi, na mipira inayopeleka upepo wa breki. Hukumu kwanza. Kwa mipira ya kujiviringa baina ya kichwa na tela, chukua mshipi wa kuvulia samaki, wa nailoni, wa milimita 0.5. Kwa mipira ya kawaida isiyojiviringa, chukua waya wa risasi wa kulehemia wa mafundi redio, wa milimita 0.8. Uzi wa kunyumbuka wa kutungia shanga, unaovutia kwa kuwa una rangi zote tayari, uache hukohuko sokoni Darajani, Unguja, isipokuwa kwa kazi moja tutakayoitaja chini.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Mpira wa kujiviringa wa lori la Ulaya una unene wa nje wa milimita 12 hivi. Gawa kwa 24, unapata 0.5. Mpira wa lori la Kimarekani ni mnene zaidi, karibu milimita 19, nao unakuwa 0.8. Usiamini sana namba ya kwenye kibandiko. Zungusha uzi mara kumi juu ya penseli, mizunguko ikigusana, kisha pima kwa rula: ikifika milimita 5, huo ni wa 0.5 kweli.

Mshipi unapatikana kwa wauza zana za uvuvi, na Pemba nako haukosekani penye wavuvi. Taka mweupe unaopitisha mwanga, wa nailoni, uzi mmoja usiosukwa. Wa kijani au wa buluu hautakubali rangi nyengine juu yake, na ule wa kusuka haufai kabisa. Uzuri wa nailoni ni kwamba hukoza kwa rangi ya chakula, ileile ya unga inayotiwa kwenye biriani, mradi maji yawe na siki. Osha mshipi kwa sabuni ya vyombo kuondoa mafuta ya kiwandani. Kikombe kimoja cha maji, vijiko viwili vikubwa vya siki, nusu kijiko cha chai cha rangi. Weka motoni mpaka maji yakaribie kuchemka, tumbukiza mshipi dakika 15 au 20. Ukoze kuliko unavyotaka, kwa sababu rangi kidogo itatoka hatua inayofuata.

Hatua hiyo ni kuviringa. Fimbo nzuri ya kuzungushia mshipi ni waya wa shaba wa umeme wa nyumba ulioandikwa 1.5, ukishaumenya. Hapa wengi hukosea: 1.5 hiyo ni milimita za mraba, si upana. Shaba yenyewe ina kipenyo cha milimita 1.38, na ndicho tunachokitaka. Inyooshe kwa kuibiringisha baina ya vigae viwili. Kata sentimita 20 za mshipi, funga ncha moja, zungusha mara 20 bila kuacha nafasi, funga ncha ya pili, kisha chovya katika maji yanayochemka dakika 10 na uhamishie moja kwa moja kwenye maji ya baridi. Usiufungue mpaka upoe kabisa. Ukifunguliwa ungali moto, mviringo hulegea na kutanuka. Hata ukipoa vizuri utatanuka kidogo, na ndiyo maana spoki ya baiskeli ya milimita 2 haifai: mviringo unaishia zaidi ya milimita 3, yaani zaidi ya sentimita 7 kwenye lori halisi, na macho yanakataa.

Kasoro ya mshipi ni kung'aa. Hata uliokoza vizuri hupitisha mwanga kama mrija wa sharubati. Vanishi isiyong'aa, tabaka mbili nyepesi, hupunguza sana, lakini ipakwe baada ya kuuvuta mviringo hadi urefu utakaokaa nao. Ikipakwa kabla, inapasuka kila mzunguko unapofunguka. Sura yake haitawahi kuwa sawa na ya rangi iliyopigwa, na kwa maoni yetu bado inashinda rangi iliyobanduka.

Waya wa risasi una tabia nyengine kabisa: ukiupinda unabaki ulivyopindwa. Mpira halisi huning'inia kwa uzito wake na kufanya tumbo, na risasi ndiyo inayokubali kufinyangwa hivyo. Vuta ncha zake mbili kidogo kwa plaizi ili unyooke, lakini usizidishe, utakonda. Futa kwa spiriti, pinda kwanza, kisha ndipo upake rangi. Ule wa kawaida wa 60/40, yaani sehemu 60 za bati na 40 za risasi, una madini ya risasi kweli, kwa hivyo usiung'ate na unawe mikono ukimaliza. Rangi ya kucha hushika vizuri juu yake, ila isipakwe wakati waya umeshafungwa kwenye modeli: kiyeyushi chake hula plastiki.

Waya wa ndani ya kebo ya intaneti unasifiwa kuliko unavyostahiki. Shaba yake ni nusu milimita, ganda linafikisha karibu 0.9, na rangi yake haihitaji kazi. Tatizo ni kuwa ganda ni la polithini, ambayo supagluu haiishiki na rangi hubanduka. Ukiutumia, menya milimita 3 za mwisho na uingize shaba ndani ya tundu. Ganda laini la plastiki, kama la waya wa spika za masikioni, tunalikataa: kilainishi chake hutoka polepole na kulainisha plastiki ya modeli inapogusana nayo.

Uzi wa shanga hauning'inii, unavuta. Ukiulegeza unasimama kama utepe, ukiukaza unakuwa mstari wa rula. Kazi yake ni lori la rimoti la 1/14 linalokata kona, ambako risasi ingekatika kwa kupindwapindwa. Hapo tafuta wa milimita 0.8 au 1.

Viungio vya chuma kwenye ncha ndivyo vinavyotofautisha kazi nzuri na kazi ya kupita. Sindano mpya ya duka la dawa, yenye kichwa cha waridi, ina tundu la milimita 0.8 na kidogo, na risasi ya 0.8 inaingia bila kulazimishwa. Usiikate kwa mkasi, itafunga mdomo. Kwaruza duara kwa tupa kisha vunja, vipande vya milimita 1.5. Kwa mshipi wa 0.5 chukua ya kijani.

Sasa rangi. Lori la Ulaya: mpira mwekundu hupeleka upepo kwenye tangi la tela, wa manjano hubeba amri ya breki. La Kimarekani: mwekundu na buluu. Kuchanganya manjano kwenye Kenworth, ambalo ni lori la Kimarekani, ni kosa linaloonekana kutoka mlangoni. Chini ya chasi, kila chemba ya breki ya ekseli ya mbele ya kichwa inapata mpira mmoja, lakini za ekseli ya nyuma zenye breki ya kuegeshea zinapata miwili: mmoja wa breki ya mguu, mwengine wa kuachia springi ya breki ya kuegeshea. Maelekezo ya ndani ya boksi aghlabu hayasemi hilo. Paipu nyembamba za kwenye chasi zifanye kwa nyuzi za milimita 0.2 zilizomo ndani ya waya laini wa umeme, uzifunge pamoja kwa vipande vyembamba vya utepe mweusi kila milimita 20. Zipake rangi mapema. Shaba iliyo wazi karibu na bahari hugeuka kijani.

Masika, supagluu hukauka haraka kuliko mkono na kuacha ukungu mweupe pembeni. Tia tone kwa ncha ya pini, fungua dirisha. Kabla ya kugandisha upande wa tela, unganisha kichwa na ukikate kona hadi nyuzi 90: mpira usivutike, na ukirudi kunyooka usilale juu ya chasi. Ukigusa chasi, punguza mizunguko miwili, usipunguze ncha.