PhotoRec, programu ya kurudisha mafaili yaliyopotea, imetuokolea hesabu za kikoba, uzoefu wangu

Naandika hii kwa ajili ya mtu ambaye saa hizi kafungua flashi yake faili lake halioni, badala yake anakuta vitu vina majina ya ajabu ajabu ambavyo yeye hajawahi kuviweka. Usifute kitu humo. Usisevu kitu kingine humo. Chomoa weka pembeni kwanza, halafu ndo usome.

Mimi ni katibu wa kikoba cha akina mama huku Mbagala, tuko 27, tunakutana Jumapili alasiri nyumbani kwa mama mwenyekiti. Hisa moja elfu tano, mfuko wa jamii elfu moja, mkopo mwisho mara tatu ya akiba yako. Hela zinakaa kwenye sanduku lenye kufuli tatu na funguo tatu ziko kwa watu watatu tofauti, anayejua vikoba anaelewa. Ila hesabu zenyewe, nani kaweka ngapi, nani anadaiwa, nani kapigwa faini ya kuchelewa, zote zilikuwa kwenye faili moja la Excel ndani ya flashi ya GB 16 ambayo shemeji yangu alinipa baada ya kuitumia yeye miaka. Daftari kubwa tuliliacha mwaka jana tukaona kompyuta inatosha, kila mwanachama akabaki na kitabu chake kidogo cha kugongewa muhuri wa hisa.

Sasa Jumapili hiyo tumebakiza wiki tano tuvunje mzunguko tugawane, nimeshaingiza watu 21, nikabonyeza sevu, na sevu yenyewe haijamaliza, giza. Luku imeisha uniti. Kompyuta ya mezani, haina UPS (kile kifaa cha betri cha kuishikilia umeme ukikata), ikazima pale pale. Kijana wa mwenyekiti akakimbia kununua umeme, tukaingiza tokeni, kompyuta ikawaka, nafungua flashi, HESABU KIKOBA haipo. Nikatoa flashi nikachomeka tena, haipo. Kuna kifaili kimefifia rangi kinaanza na ~$ halafu jina la faili langu, kidogo mno hata KB moja hakifiki, na kingine kinaitwa 4C7A1000, hakina hata ile xlsx ya mwisho, kinasoma KB 0. Kompyuta ikaniuliza kama iikague flashi na kuirekebisha, nikakubali maana nilikuwa natetemeka, ikamaliza ikaniletea folda inaitwa FOUND.000, ndani yake FILE0000.CHK na FILE0001.CHK. Akina mama wamekaa kwenye mkeka wananiangalia.

Baadae nilipotulia ndo nikaelewa hivyo vitu ni nini, na nataka kila mtu aelewe maana vinafutwa na watu wengi wakidhani ni vairasi. Excel ukibonyeza sevu haiandiki juu ya faili lako la zamani. Inaandika faili jipya pembeni kwa jina la muda, herufi na namba nane kama hiyo 4C7A1000, ikimaliza inalifuta lile la zamani halafu hili jipya inalipa jina lako. Umeme ukikata katikati ya hiyo kazi, flashi haijamaliza kuandika yote, unaweza kubaki na la muda lisilo na kitu na la zamani limeshafutwa. Ile ya ~$ haina hesabu yoyote ndani, ni alama tu kwamba faili limefunguliwa na nani. Na CHK ni vipande ambavyo ukaguzi umekuta havina mwenyewe, ukavikusanya ukavipa namba.

Hivyo vipande vinaweza kuwa mali. Nilifungua FILE0001.CHK kwa Notepad, ikaja michoro mitupu isiyosomeka, lakini herufi mbili za kwanza kabisa juu kushoto ni PK. Hizo ni herufi za jina la Phil Katz aliyetengeneza faili za zip, na xlsx kiundani ni zip, imefungasha vifaili vidogo vidogo ndani yake. Kwa hiyo ukiona PK pale mwanzo jua inaweza kuwa Excel au Word yako. Nikatengeneza kopi nikaibadilisha jina iishie na xlsx, nikafungua, Excel ikasema faili limeharibika, ikajaribu kulitengeneza ikashindwa. Sababu ni kwamba zip orodha ya vilivyomo inaiweka mwishoni kabisa, na mwisho wenyewe ndo haukuwahi kuandikwa. Iliniuma sana hii kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kushukuru.

Kesho yake nikapeleka kwa fundi mmoja mjini, akaiangalia dakika mbili akasema data zimekwenda, anachoweza ni kuifomati iwe nzima. Nikamshukuru nikaichukua flashi yangu. Mdogo wangu akashusha programu moja ya kulipia, inakuonyesha majina ya mafaili yote kisha ukitaka kuyatoa inadai hela kwa kadi, na kadi sina. Ndo binamu yangu anayesoma chuo Dodoma akaniambia kwenye simu, dada jaribu PhotoRec, ni ya bure.

Ni bure kweli, bila kikomo cha mafaili wala tangazo. Kaitengeneza Mfaransa anaitwa Christophe Grenier, inakuja pamoja na mwenzake TestDisk ambayo kazi yake ni kurudisha patisheni (sehemu ambazo diski imegawanywa) zilizopotea. Unaishusha kwenye tovuti ya CGSecurity, unaifungua kwenye folda, haihitaji kuinstoli. Jina lisikudanganye, sio ya picha peke yake, inarudisha aina mamia za mafaili. Humo kuna photorec yenyewe ambayo ni dirisha jeusi la maandishi linatisha kidogo, na kuna qphotorec ambayo ina vitufe vya kubonyeza, chukua hiyo. Yote ni Kiingereza.

Nilivyofanya: nikachagua flashi yangu kwenye orodha (angalia vizuri ukubwa usije ukachagua diski ya kompyuta), nikaacha aina ya FAT (ndo mpangilio ambao flashi nyingi zinatumia), nikachagua itafute nafasi nzima na sio ile iliyo wazi tu, kwenye aina za mafaili nikazima zote nikabakiza zip maana Excel na Word ziko humo, halafu sehemu ya kuwekea nikaielekeza desktop. Hapo pa kuwekea ni pa muhimu kuliko vyote, ukielekeza kwenye flashi ile ile unayaandikia juu yale unayoyatafuta na hayarudi tena milele. Ikachukua kama dakika 40. Yenyewe haisomi majina ya mafaili kabisa, inapita flashi kipande kwa kipande ikitafuta alama za mwanzo kama hiyo PK, ikiona inaokota. Ndo maana hata flashi iliyofomatiwa kwa haraka inaweza kutoa kitu.

Ilipomaliza nikakuta mafaili yanaitwa f0482176.xlsx, f0519040.xlsx, hivyo hivyo mengi, jina hata moja silijui. Nikafungua la kwanza, hesabu zetu za Machi. La pili, hesabu zetu za Juni. Na kumbe ni kwa sababu ile ile ya Excel kusevu pembeni, kila Jumapili niliyosevu iliacha kopi ya zamani imefutwa lakini bado imelala kwenye flashi mpaka kitu kingine kije kiikalie. Yalikuwa 63 ya Excel, 38 kati yake ni hesabu zetu za kikoba kwa tarehe tofauti tofauti.

Kupata lile la mwisho nusura nitumie usiku mzima kufungua moja moja mpaka binamu akanielekeza: kwenye folda weka muonekano wa orodha yenye maelezo, bonyeza kulia juu ya vichwa vya safu, ongeza safu inayoitwa Date last saved. Hiyo tarehe haitoki kwenye flashi, iko ndani ya faili lenyewe Excel iliiandika, kwa hiyo haijapotea. Panga kwa hiyo. La juu kabisa likawa la Jumapili ile ile saa kumi na dakika nane, nilikuwa nimesevu katikati ya kikao bila hata kukumbuka. Lilikuwa na watu 15. Wale sita niliowaingiza baada ya hapo nikawapigia simu waje na vitabu vyao.

Mapungufu yapo na nayasema. Majina ya mafaili na folda hayarudi, kama una mafaili elfu tatu jipange. Faili kubwa lililokatwa vipande vikakaa mbali mbali mara nyingi linarudi bovu. Flashi ambayo kompyuta haiioni kabisa hii haikusaidii, hiyo ni ya mtu wa vifaa. Na kama data zilikuwa kwenye diski ya SSD ya kompyuta ukazifuta, mara nyingi kompyuta inaiambia diski isafishe hizo sehemu kabisa kwa hiyo uwezekano ni mdogo mno, usipoteze muda mwingi hapo. Halafu kuna hili la siri za watu: kwenye hayo 63 kulikuwa na mafaili ya mishahara ya kazini kwa shemeji ya miaka ya nyuma ambayo yeye alishafuta. Niliyafuta bila kuyasoma nikamwambia. Flashi uliyotumia usimpe mtu hivi hivi.

Na lile kosa la kukubali ukaguzi mapema, siku hizi nisingelifanya, ningeipitisha PhotoRec kwanza ndo mengine yafuate.

Sasa hivi nasevu kwenye kompyuta, nikimaliza ndo nanakili kwenye flashi mpya, na mweka hazina anatumiwa kopi WhatsApp kabla hatujafunga dua. Daftari kubwa tumelirudisha pia.

Jumapili iliyofuata tulisoma hesabu mmoja mmoja, mama anafungua kitabu chake, mimi nasoma kwenye kompyuta, tunalinganisha. 26 zikaoana. Wa 27 ni mama mmoja muuza vitumbua, kitabu chake kililoa mvua za Aprili mihuri ikaenea ukurasa ukawa zambarau mtupu, hakuna mahali pengine popote hisa zake zilipoandikwa. Nikasoma: hisa 94, mkopo amemaliza, faini hana. Akasema ndizo hizo hizo, alikuwa anazihesabu kichwani.