Kliniki ya wajawazito: safari hii nesi na daktari walisoma kadi moja

Naandika kwa ajili ya mama mwenye historia kama yangu. Mimba yangu ya kwanza, mwaka 2019, nilihudhuria kliniki sehemu nyingine, sitaitaja. Nesi alikuwa anapima presha, anaandika kwenye kadi, ananirudishia. Daktari niliyemwona mara mbili hakuifungua kadi hiyo. Namba zilipanda mwezi hadi mwezi, zote zimeandikwa vizuri kwa peni ya bluu, na hakuna aliyezifuatilia. Kifafa cha mimba kilinikuta nyumbani. Mwanangu aliishi siku mbili.

Mimba ya pili nilianza kliniki kwenye kituo cha afya kilicho jirani na kwa mama mkwe, hapa Morogoro, nikiwa na wiki 13. Nesi mkunga aliponiuliza habari za mimba iliyopita, nikamweleza. Akaweka peni chini. Akashika kadi yangu, akasema, "Njoo mama," tukaenda wote mpaka chumba cha daktari. Alieleza yeye, mimi nikiwepo, na alipokosea wiki nikamrekebisha. Daktari akanianzishia aspirini ndogo ya miligramu 75 kila siku. Akanifafanulia kwamba aliyewahi kupata kifafa cha mimba anaweza kukipata tena, na dawa hii haisubiri tumbo likue.

Kila hudhurio nilipimwa presha na mkojo, na tumbo likapimwa kwa futi. Dawa ya SP ya kukinga malaria nilimeza palepale, sista akinishikia kikombe.

Wiki ya 33 presha ikasoma 150/100. Sista akanilaza ubavu wa kushoto, akasubiri, akapima tena. Ileile. "Kichwa kinauma? Unaona nyotanyota?" Akachovya kijiti kwenye mkojo, kikabadilika rangi: protini, dalili ya hatari presha ikiwa juu. Daktari alikuwa wodini, sista akamfuata hukohuko. Daktari alipofika, kabla hajanigusa, alimgeukia: "Sista, wewe ndiye unamwona kila mara, unaonaje?" Sista akajibu kwamba miguu yangu haikuwa imevimba hivi wiki mbili zilizopita. Nilikuwa nimelala pale nawasikiliza, machozi yakanitoka. Swali hilo moja ndilo nililolikosa mwaka 2019.

Siku hiyohiyo nikapewa rufaa kwenda hospitali ya mkoa, sista akapanda na mimi kwenye gari. Nikawekwa kwenye methyldopa, dawa ya kushusha presha, presha ikipimwa usiku na mchana. Wiki ya 37 nikaanzishiwa uchungu, nikajifungua mtoto wa kike, kilo 2.6, akalia mara moja.

Kasoro zipo. Foleni ni ndefu: unafika saa moja asubuhi, unatoka saa saba na njaa. Vidonge vya kuongeza damu viliisha mara mbili, nikanunua duka la dawa. Altrasaundi hawana, unaenda kulipia mjini. Hata hivyo, nikibeba mimba nyingine nitarudi palepale.

Na wewe unayehudhuria popote pale, ukitajiwa presha yako, uliza ya mwezi uliopita ilikuwa ngapi. Ukiingia kwa daktari, kadi iwe mezani imefunguliwa, hata kama umekwenda kwa ajili ya kikohozi.

Wiki ya sita nilimpeleka binti yangu chanjo. Sista alimpokea, akamlaza kwenye kanga, kisha akanivalisha mimi kipimo cha presha kwanza. 120/80. Akaiandika, akanigeuzia kadi niione.