Vifaa vya kuzuia bwawa lisigande: nimevitumia Jambiani

Cheka kwanza, halafu usome. Tajiri wangu ni mtu wa Norway, ana nyumba ya wageni ya vyumba sita hapa Jambiani, Zanzibar, na mimi ndiye msimamizi. Kwao bwawa la kuogelea lisipofungwa kabla ya baridi, maji yaliyobaki kwenye mabomba huganda, hutanuka kwa kama asilimia 9, na bomba likapasuka. Basi Januari akaja na begi zima: vizibo vya mpira vya kuzibia midomo ya mabomba, sponji ndefu za kuyavika, kopo la grisi ya silikoni, na galoni ya dawa ya pinki iliyoandikwa inakinga mpaka nyuzi 45 chini ya sifuri.

Nikamwambia, bwana, hapa hata kusi la Julai livume vipi, anayetetemeka ni mimi, si bomba. Akasema tufunge hivyo hivyo, Aprili na Mei wageni hatuna.

Nianze na ile dawa, maana ndiyo iliyonitesa. Tuliimimina kwenye mabomba baada ya kuyatoa maji. Juni nilipofungua, nikawasha pampu moja kwa moja na dawa yote ikaingia bwawani. Maji yakawa kama tui. Klorini naitia jioni, asubuhi nikipima haipo, siku nne mfululizo, na wageni wa kwanza wako njiani! Fundi mmoja wa Paje ndiye aliyenifumbua macho: dawa ile ni glaikoli, kemikali ya kuzuia maji yasigande, vijidudu wanaila, na klorini inamalizikia kupambana nayo. Ilitakiwa vali niiweke kwenye kumwaga kwanza, yale maji ya mwanzo yaende nje. Haina sumu kama ile ya rejeta za magari, ni kweli, lakini kwetu kuinunua ni kutupa pesa.

Tajiri aliagiza pia maji yashushwe chini ya skima, ule mdomo wa ukutani unaovuta maji ya juu. Nilishusha. Masika ikayarudisha kabla ya wiki kwisha. Namshukuru Mungu hatukulimaliza lote, kwani huku pwani mvua zikikolea maji ya ardhini hupanda, na bwawa tupu linaweza kusukumwa kutoka chini likaumuka na kupasuka. Anayekwambia ulikaushe Aprili, mwulize vizuri.

Vizibo, sasa! Hivi sivitoi kwa mtu. Mwaka wa nyuma yake nilifungua viungo vya bomba kwenye banda la pampu nikaviacha wazi, nikaja kutoa kaa wawili na udongo wa nyigu uliokauka kama saruji. Safari hii hakuna kilichoingia, hata sisimizi.

Grisi nayo ni nzuri kuliko nilivyodhani. Ule mpira wa kifuniko cha pampu hukaushwa na joto na hewa ya chumvi, ukishakauka pampu inavuta hewa badala ya maji. Nilizoea kuubadilisha kila mwaka. Wa sasa bado laini. Ila iwe ya silikoni. Ya gari huvimbisha mpira.

Zile sponji zilinishangaza. Zimetengenezwa kwa ajili ya baridi, mimi nikazivika kwenye bomba linalopigwa na jua mchana kutwa, maana PVC, ile plastiki ya bomba, ikikaa juani miaka hupauka na kuwa rahisi kuvunjika. Zilikinga kweli, miezi kama minane hivi, kisha jua likazila zenyewe zikawa unga. Nikalipaka bomba rangi nyeupe ya maji, ile ya ukutani, na mpaka leo halijaonyesha ufa. Rangi yenyewe ilikuwa imebaki tulipopaka vyumba.

Vizibo na grisi nunueni. Sponji si lazima. Dawa nusu galoni bado ninayo stoo. Anayeitaka aje aichukue, bure.