Saratani ya utumbo mpana: kipimo cha choo au kolonoskopia?

Kwa gharama na usumbufu, kipimo cha choo kinashinda. Unachukua sampuli kidogo nyumbani, bila kubadili chakula, na maabara hutafuta damu ya binadamu isiyoonekana kwa macho. Ila hurudiwa kila mwaka, na sampuli haivumilii joto: ikisafiri kwenye basi la mchana kutoka Kondoa hadi Dodoma mjini, damu inaweza kuharibika, jibu likasema huna kitu kumbe kipo. Isafirishwe mapema, ikiwa ya baridi.

Kwa uhakika, kolonoskopia, yaani kuingiza mrija wenye kamera kupitia njia ya haja kubwa, iko mbele sana. Daktari anauona utumbo wenyewe na kukata vinyama vilivyoota ndani kabla havijageuka saratani. Kipimo cha choo hukosa vingi vya aina hiyo. Ukikutwa salama na huna hatari ya ziada, unarudi baada ya miaka 10. Lakini ujiandae kwa dawa ya kukuharisha ili utumbo usafike, na mtu wa kukurudisha nyumbani.

Umefika miaka 45 na huna dalili? Anza na kipimo cha choo, mradi uko tayari kwa kolonoskopia damu ikionekana, hata kama unadhani ni bawasiri au kichocho. Ukiona damu mwenyewe, unakonda bila sababu, au mzazi wako aliugua saratani hii, tafadhali usisubiri kipimo cha choo. Muone daktari akupangie kolonoskopia.