Kusoma mstari wa Biblia kama ulivyo au na muktadha: ipi bora kwenye mambo ya mwili na zinaa?

Huu mjadala hauishi. Kusoma mstari kama ulivyo ni rahisi, unafungua 1 Wakorintho 6:18 "ikimbieni zinaa" umemaliza, na ukiwa katikati ya jaribu hiyo ndo inakushika. Shida wengi wanaishia hapo wanaona mwili ni uchafu, wakati mstari wa 19 unauita hekalu la Roho Mtakatifu! Ukisoma na muktadha unaona Paulo, mwandishi wa barua hii, anajibu hoja ya "vitu vyote ni halali" (6:12), alafu sura ya 7:4 anampa mke amri juu ya mwili wa mume pia, jambo zito sana kwa karne ya 1. Ila inataka muda, na wapo wanaoitumia kukwepa katazo. Unapambana na tamaa leo? Shika mstari. Ila kama unafundisha vijana au wanandoa, muktadha ni lazima kwa kweli.