USINUNUE BUTI YA SKEITI KABLA HUJAPIMA KISIGINO | Uchambuzi kwa watu wazima, Arusha

Habari zenu watazamaji, na wakubwa wote shikamooni. Karibuni. Leo mezani kuna buti mbili. Hii nyeupe ni Edea Chorus, ya Italia. Hii nyingine, nyeupe vilevile, inapendeza kwa macho, ni ile inayouzwa mtandaoni kwa bei ya kutupa na haina jina la maana. Tunazungumzia skeiti za mitindo, zile za kuzunguka na kuruka, na tunazungumzia mtu mzima: kilo sabini, themanini, tisini, anayeanza au aliyerudi mchezoni baada ya miaka.

Najua wengi mko hapa kwetu Arusha, na barafu hatuna. Wa kwetu wanafunga fremu ya magurudumu chini ya buti, wanatelezea kwenye sakafu ya saruji au kipande cha lami kilicho safi. Ukitaka barafu kwa upande wetu huu, jina linalotajwa ni Panari kule Nairobi, Barabara ya Mombasa, uwanja uliofunguliwa 2005. Buti ni ileile, kinachobadilika ni kilichofungwa chini yake. Ila kumbukeni kwamba fremu ya magurudumu inakuinua juu zaidi kuliko chuma cha barafu, na kadiri unavyosimama juu ndivyo kifundo kinavyovutwa pembeni kwa nguvu zaidi. Kwa hiyo mtu wa magurudumu ndiye anayehitaji buti imara kuliko wote.

Mambo ya uzito wa buti, rangi, kitambaa cha ndani, siyagusi, yako kwenye maelezo ya kila duka. Nataka tuangalie kitu kimoja: kisigino kinakaa wapi.

Sogeza kamera hapa. Hii kamba yenye nati mwishoni ni timazi, ileile ya fundi wa ujenzi. Nimeiweka buti ya bei rahisi juu ya kioo bapa ili meza isitudanganye. Nyuma ya buti kuna mshono unaoshuka kutoka shingoni hadi kisiginoni. Naishikilia kamba juu ya mshono, pale shingoni, naiacha nati itulie. Mnaona? Kamba inashuka wima, mshono umekimbilia nje. Pale chini nati imetoka katikati ya kisigino kwa karibu upana wa kidole. Na hii buti ni mpya! Mtu akiingia humo, kifundo kinalalia ndani kabla hajapiga hata hatua moja. Atasema miguu yake ni mibovu. Miguu yake haina shida yoyote.

Sasa Chorus. Kamba, mshono, nati... katikati. Rudia na ya kushoto, maana buti mbili za boksi moja zinaweza kutofautiana. Katikati. Hapo nimeridhika, naendelea.

Kipimo cha pili ni vidole gumba. Shika buti pande mbili za kifundo, hapa juu kidogo ya kisigino, ubonyeze kama unayebonyeza parachichi. Hii ya bei rahisi inaingia, vidole vinakutana. Kuna wenzetu kwenye chaneli nyingine wanaisifu kwamba ni laini kama mto, unavaa tu na kuondoka, haikuumizi. Jamani! Ulaini huo ndio kasoro yenyewe. Mtoto wa kilo thelathini anaweza kujifunzia humo miezi kadhaa. Mtu mzima akitua kutoka kwenye mruko mdogo, mguu mmoja unapokea mara kadhaa ya uzito wake, na buti hii inajikunja kama katoni iliyoloa.

Lakini msikimbilie upande wa pili. Hapa ndipo watu wazima wengi wanapotupa hela. Edea wanazipa buti zao namba za ugumu: Overture ni 48, Chorus 70, Concerto 80, na juu yake zipo nyingine. Mtu anaona namba, anasema mimi ni mzito, nipe kubwa kabisa. Akishavaa, goti halikunjiki. Anasimama wima kama mlingoti, anajikunja kiunoni badala ya gotini, mgongo wa chini unauma, na kila akitaka kupinda anaanguka nyuma. Buti imara inakushika pembeni na inakuruhusu kwenda mbele. Ukiwa umeivaa na umefunga kamba, goti lazima lipite mbele ya vidole vya miguu bila kisigino kunyanyuka. Lisipopita hata baada ya wiki kadhaa za kuizoea, buti imekuzidi.

Kwa mtu mzima anayeanza na hana haraka ya kuruka, Overture inatosha kama ni mwepesi. Akizidi kilo sabini na kitu, au akiwa kwenye magurudumu, mimi namsogeza kwenye Chorus. Concerto namwachia anayeruka kila wiki.

Kuhusu saizi, sahau namba ya raba zako. Edea wanaandika urefu wa mguu kwa milimita, halafu herufi ya upana. Pima jioni, mguu ukiwa umeshatembea siku nzima na umevimba kidogo. Vaa soksi nyembamba, simama juu ya karatasi ukutani, uzito wote kwenye mguu unaopimwa, mtu mwingine ashike penseli wima kabisa. Penseli ikilala inakuongezea milimita kadhaa, na milimita tano hapa ni ugomvi. Pima urefu, pima upana pale kwenye mafundo ya vidole, pima na mzunguko kwa futi ya fundi cherehani. Miguu yote miwili.

Buti ikifika, toa soli ya ndani, simama juu yake. Nafasi mbele ya kidole kirefu isizidi upana wa penseli. Kisha irudishe, vaa bila kufunga. Ukisimama wima vidole viguse mbele kwa mbali, ukikunja magoti virudi nyuma. Msinunue kubwa kwa kusema itanibana. Sponji inabonyea kwa matumizi, buti inazidi kulegea, halafu kisigino kinaanza kupanda na kushuka humo ndani kama mchi kwenye kinu. Malengelenge ya nyuma yanaanzia hapo.

Subiri, msiondoke, kamba ndizo zinazoua hata buti nzuri. Angalia mkono wangu.

Kwanza gonga kisigino sakafuni, vidole vikitazama juu, ili kisigino kiingie nyuma kabisa. Ulimi wa buti uuweke katikati, usilale upande. Matundu ya mbele, juu ya vidole: kaza kiasi, vidole vichezeke. Halafu hapa kwenye pindo la mguu, pale mguu unapokunjika, matundu matatu ya mwisho na ndoano ya kwanza: hapa kaza kwa nguvu zako zote. Vuta kamba kwenda nje, pembeni, siyo juu kuelekea tumboni. Ukivuta juu unakaza ulimi tu, kisigino kinabaki huru. Kabla hujaingia kwenye ndoano, zungusha kamba mbili mara mbili moja juu ya nyingine. Ule msokoto unazuia kilichokazwa kisilegee. Ndoano za juu, pitisha kamba kwa kushukia: ianzie juu ya ndoano, izunguke chini. Na hapa juu legeza. Kidole kimoja kiingie mbele ya shingo ya buti.

Wengi wanafanya kinyume, wanalegeza kwenye pindo na kukaza juu mpaka damu inagoma. Matokeo yake ni yale maumivu ya mbele ya mguu, kano inavimba, ukigusa unaruka. Ukiyapata, fungua upya kabla hujalaumu buti. Kipande cha sponji laini chini ya ulimi kinasaidia siku chache.

Mfupa wa kifundo ukigusa ukuta wa buti, usivumilie. Vaa soksi nyembamba, weka alama kwa lipstiki juu yake pale kwenye mfupa, ingia, toka, alama itabaki ndani palepale panapogusa. Fundi viatu mwenye kifaa cha kutanua, kama wale wa pale soko la Kilombero, anaweza kupasukumia nje kidogo. Mwambie asikate kitu na asipige nyundo. Buti nyingi za sasa pia hupashwa joto ili zichukue umbo la mguu: dakika chache kwenye oveni yenye kipimo cha joto, karibu nyuzi 80, kwa maelekezo ya mtengenezaji, kisha unavaa, unafunga kamba, unakaa mpaka ipoe. Jiko la mkaa hapana! Gundi inaachia, soli inafumuka, na hakuna wa kukurudishia hela.

Bei sasa, maana najua mnasubiri. Chorus peke yake, bila fremu, ni zaidi ya dola 300. Hiyo ni zaidi ya laki saba kabla ya usafiri, ushuru wa forodha na VAT ya 18%. Ni hela nyingi, sifichi. Ndiyo maana watu wanakimbilia zilizotumika, na hapo sina ubaya, mradi uje na timazi yako. Angalia mikunjo kwenye kifundo kwa tochi. Mikunjo midogo ya mbele ni kawaida. Mkunjo mkubwa wa pembeni maana yake buti imekufa, hata ikipakwa rangi mpya.

Na hapa lazima niwe mkweli kwenu. Nimeanza nikiisifu Chorus, na kisigino chake bado nakisifu. Lakini nikiingiza mkono huku mbele, ni nyembamba. Miguu mingi iliyokulia kwenye ndala ina vidole vilivyotanuka. Kama wako ni hivyo na kisigino chako ni chembamba, jaribu Jackson za Kanada kwanza, wana nafasi zaidi mbele na wanatoa upana tofauti tofauti. Riedell wa Marekani nao wanatoa upana mwingi. Kwa mguu mpana nadhani leo ningeanza huko.

Fremu tutaifunga pamoja Jumamosi, moja kwa moja, saa kumi jioni. Kwa sasa jueni hili: mwanzoni fungeni skrubu kwenye yale matundu marefu tu, yanayoruhusu fremu kusogea ndani au nje. Teleza mguu mmoja kwenye mstari ulionyooka. Ukivutwa kwenda ndani, legeza, sogeza fremu milimita moja kwenda ndani, jaribu tena. Skrubu za matundu ya duara ni za mwisho kabisa, mkishaenda sawa mara kadhaa. Na kabla ya kuvaa pitisha mkono ndani ya buti, ncha ya skrubu isitokeze.

Ukimaliza mazoezi toa soli ya ndani, jaza magazeti, acha kivulini penye upepo. Masika hii zinaweza kukaa siku mbili bila kukauka, badilisha magazeti asubuhi na jioni, na kila skrubu ya chini iguse na bisibisi, unyevu unazilegeza. Maswali ya saizi yaandikeni hapo chini na vipimo vya miguu yote miwili kwa milimita, nitayajibu moja moja.